Watakatifu wa Karatasi za Papa

Walimsifu shangazi yangu kanisani kwa kuchoma karatasi za baba yangu, nami nilikuwa nimeketi safu ya pili, nimevaa kitenge cha msiba kama jamaa wengine wote. Katekista aliyesoma maisha ya marehemu alisema mambo matatu. Kwamba mama huyu alikuwa mtu wa sala. Kwamba aliacha shule ili awalee wadogo zake baada ya wazazi wao kufa. Na kwamba mdogo wake wa kiume aliporukwa na akili, yeye ndiye aliyemponya, kwa kufunga, kusali na kuteketeza maandishi ya giza yaliyokuwa yamemfunga. Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali. Binamu zangu wakageuka kunitazama kama nitalia. Sikulia.

Mambo mawili ya kwanza ni kweli na nitayatetea mbele ya mtu yeyote. La tatu ni uongo, na nilikuwepo.

Huenda ningenyamaza, maana marehemu hasemwi vibaya na mimi nimelelewa. Lakini wiki ileile kijana mmoja wa ofisini kwetu, hapa mtaani Nguba, aliniita nione kitu kwenye kompyuta yake. Alikuwa amekuta kwenye mtandao msimbo wa kwanza wa programu moja kongwe ya kuandikia, yaani yale maandishi ambayo fundi huyaandika ili mashine ijue la kufanya mtu anapotaka kuandika, kufuta na kusahihisha. Siku hizi mtu yeyote mwenye simu anaweza kuyavuta. Kijana alikuwa anacheka jinsi yalivyo mafupi. Nikainama, nikasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na nikajisikia nikisema kwa sauti, mbele za watu, "Utuombee."

"Maman, unasema nini?" akauliza kijana.

Nikamwambia ni mambo ya zamani. Nimejibu hivyo maisha yangu yote, na nimechoka. Basi ninyi wa rika langu, mliofunika madaftari kwa magazeti na kuimba katekisimu kwa kichwa, nisikilizeni.

Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa mtu wa mashine katika kituo kimoja cha utafiti wa mazao. Mashine ilikuwa moja, kubwa kama kabati la nguo, na kazi yake ilikuwa kujumlisha uzito wa maharage na mihogo ya mashamba ya majaribio. Zaidi ya hapo haikujua kitu. Barua za ofisi zilipigwa kwa taipu, na karani akikosea neno katika mstari wa mwisho, ukurasa mzima ulichanwa, akaanza upya. Papa alikuwa anaumia kuona hivyo. Alisema mashine ile ingeweza kuandika kama ingefundishwa.

Mzungu fundi aliyekuwa akija kuitengeneza, alipoondoka moja kwa moja, alimwachia bunda la karatasi. Lilikuwa na msimbo wa programu hiyo ya kuandikia, wote, lakini umeandikwa kwa ajili ya mashine ya aina nyingine. Ilibidi mtu aubadilishe mstari kwa mstari. Papa akaanza, kwa penseli, baada ya saa za kazi. Akibadilisha sehemu, anaichapa upya kwenye mashine ya ofisi, analeta nyumbani, anaanza tena.

Mnazikumbuka karatasi zile? Ndefu zisizokatika, zimekunjwa kama kodiani, mistari ya kijani na nyeupe, na vitundu pande zote mbili. Zilinuka wino wa utepe, harufu kali kidogo inayokaa kooni, na wakati wa mvua ziliongeza harufu ya unyevu wa chini ya kitanda, kwa sababu ndipo Papa alipozihifadhi, ndani ya mfuko wa mchele. Zile kingo zenye vitundu alituruhusu tuzichane. Nilizisuka bangili, nikavaa mpaka kwenye misa.

Kisha kituo kikapata mkuu mpya. Akagundua kwamba karatasi na utepe wa serikali vinatumika kwa mambo yasiyojulikana, akamfukuza Papa kwa barua ya mistari miwili. Barua yenyewe ilikuwa na kosa, limefunikwa kwa herufi x sita. Papa alimwonyesha Maman, mama yangu, lile kosa kwanza, kabla ya kumwambia kwamba hana kazi tena.

Akakaa nyumbani. Maman alikuwa anafundisha darasa la pili, kwa hiyo tulikula. Papa alikuwa anaamka, anavaa shati la kazini, anafungua karatasi mezani na kusoma huku midomo yake ikicheza bila sauti. Ukimwita, haitiki. Ukimwekea bugali, inapoa. Mara anasimama, anatembea mpaka mlangoni, analitazama ziwa lililokuwa chini ya mteremko wetu kama mtu aliyeitwa kutoka kule, anarudi na kufuta mstari mmoja. Majirani wakaanza kupunguza sauti wanapopita kwetu. Leo nami naandika programu, nafanya vilevile kila siku nikitafuta kosa, na hakuna anayeniletea mtu wa kuniombea.

Mwaka huo nilikuwa najitayarisha kwa komunyo ya kwanza. Mnajua ilivyokuwa. Huulizwi unaelewa nini, unaulizwa unajua kwa kichwa au hujui. Swali, jibu, swali, jibu, na mwishoni litania ya watakatifu, ambamo kila jina linaitikiwa utuombee. Siku moja nikachungulia karatasi za Papa begani kwake, na nikaelewa kila kitu. Kulikuwa na majina ya kigeni, moja kila mstari, na baada ya kila jina mabano mawili yasiyo na kitu ndani, yamesimama yakitazamana kama viganja vya mtu anayeomba. Mwishoni mwa mstari, nukta yenye mkia. Hiyo nikaona ni kupiga goti. Majina mengine yalirudi tena na tena, kama watakatifu wakubwa wanavyoitwa mara nyingi kuliko wadogo.

"Papa, hii njo sala?" nikamwuliza.

"Iko kazi," akajibu bila kuinua macho.

Jibu hilo halikunishangaza hata kidogo. Katekista alikuwa ametuambia sala ni kazi. Basi baba yangu hakuwa amechanganyikiwa, alikuwa anasali novena ndefu ili arudishiwe kazi yake, na alikuwa anasali peke yake, bila mtu wa kumwitikia. Hilo liliniuma sana. Nikaamua kujifunza litania yake kwa kichwa. Kila siku nilichukua kipande, nikakariri nikiosha sahani bombani: Mtakatifu Getifile, utuombee. Mtakatifu Putiline, utuombee. Mtakatifu Deleti, utuombee. Nilikariri hata nukta na mabano, kwa sababu katekista wetu alikuwa anachapa mtoto aliyeruka hata silabi. Kufikia mwisho wa mvua nilikuwa na mikunjo kumi ya karatasi ile kichwani.

Shangazi akaja kutoka Kalehe siku ya Jumamosi, pamoja na Tonton, mdogo wao wa mwisho, aliyekuwa na duka la vitenge. Kilikuwa kikao cha jamaa na watoto tulitolewa nje. Mimi nilirudi kwa sababu nilitumwa kuleta chai. Papa alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi, mikono magotini. Watu walimjua tu kama mwanamume mpole. Mbele ya dada yake mkubwa hakuwa hata mpole, alikuwa mtoto. Yeye ndiye aliyelima ili Papa asome, na hakuna siku alimruhusu asahau.

"Mudogo yangu hana kazi," shangazi alikuwa anasema. "Hasemi na batu. Anakaa tu anasoma makaratasi sawa mutu balimuloga. Ile makaratasi njo inamufunga. Tutayichoma. Na yeye nitamupeleka Kalehe, kwa chumba ya maombi, akae kule mpaka apone."

"Atakaa siku ngapi?" Tonton akauliza.

"Mpaka apone, nimesema."

Nilimjua mtu mmoja wa mtaa wetu aliyepelekwa mahali kama hapo. Alirudi baada ya miezi mingi, amekonda, na hakukutazama usoni tena. Nikamtazama Maman, amesimama karibu na kabati. Nikamtazama Papa.

"Tantine, ile haiko uchawi," nikasema. "Iko litania."

Sikumbuki kwamba nilikuwa jasiri. Nakumbuka nilikuwa bado nimeshika sinia ya vikombe.

"Na weye nani alikuita? Batu bakubwa biko nasema, mutoto anaingiza kinywa?"

"Iko litania. Miye naijua kwa kichwa."

Nikaweka sinia chini, nikakunja mikono kama tulivyofundishwa, nikaanza. Mutakatifu Getifile, utuombee. Mutakatifu Putiline, utuombee. Tonton akaangua kicheko mpaka akajifuta macho kwa mkono wa shati. Shangazi akapiga ishara ya msalaba, maana kwake kuwaita watakatifu wasiojulikana kulikuwa kubaya kuliko ulozi wenyewe. Mimi nikaendelea. Nilikuwa nimeshaanza, na katekista alitufundisha kwamba anayekatiza litania anairudia tangu mwanzo.

Papa akainua kichwa.

"Rudia pale," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kumsikia akisema neno ambalo hakuulizwa. "Kisha Putiline?"

"Mutakatifu Deleti, utuombee."

"Hapo hapana utuombee."

"Iko nini basi?"

"Deleti inafuta. Ukikosa neno, inafuta ile neno peke yake, na karatasi haipasuki."

"Na Getifile?"

"Inaenda kutafuta barua kwa mashine pale uliiwekaka, inakuletea mustari kwa mustari."

"Na Putiline?"

"Inachukua mustari moja, inayipeleka kwa karatasi. Moja tu. Ukitaka mbili, unayiita mara mbili."

Tukaenda hivyo, swali, jibu, swali, jibu, mimi nimesimama na yeye ameketi, na hakukosa hata moja. Masikio yalikuwa yananiwaka moto kwa aibu. Watakatifu wangu wote walikuwa wanakufa mmoja mmoja mbele ya wageni, na waliokuwa wakiitwa mara nyingi wakageuka kuwa watumishi wa barua. Nilitaka kulia. Lakini uso wa Papa ulikuwa umerudi mahali pake, na macho yake yalikuwa yananitazama mimi, wala si ziwa. Nikaendelea kuuliza mpaka mikunjo kumi ikaisha.

"Yaya," Tonton akamwambia dada yake mkubwa, hacheki tena, "huyu haiko wazimu. Huyu iko na kazi."

"Na Shetani anajuaka kueleza," shangazi akajibu.

Ndivyo ilivyoamuliwa. Hakuna aliyeweza kumshinda kwa sababu hakuna aliyethubutu. Alilegeza kidogo tu: karatasi zichomwe leo, Papa abaki nyumbani, na yeye atarudi Jumapili ya juma linalofuata na wenzake wa kundi la sala. Akimkuta ameshika tena maandishi yale, wanaondoka naye siku hiyohiyo. Papa alikwenda mwenyewe kuutoa mfuko wa mchele chini ya kitanda. Nasema wazi kwamba nilimkasirikia kwa hilo, na ilinichukua miaka kumwelewa.

Zilichomwa uani. Karatasi iliyokunjwa hivyo haichomeki upesi, inakunjuka kwanza, kwa hiyo zilijifungua motoni ukurasa kwa ukurasa, na nikawa nasoma majina yakiwa meusi juu ya weusi. Harufu ya utepe ilikaa kwenye nguo zilizoanikwa kwa wiki nzima. Na kwa kuwa shangazi hakupenda kupoteza moto, aliteleka maharage juu yake. Walikula wote. Mimi sikula, nikapigwa, na bado sikula.

Kesho yake nikachukua daftari langu la hesabu, nikafungua upande wa nyuma, nikaanza kuandika. Kichwa cha habari kwa biki nyekundu, nikakipigia mstari kwa rula, kama tulivyofundishwa shuleni. Chini yake, kwa bluu, mkunjo wa kwanza. Safari hii sikuandika Mtakatifu. Niliweka jina, mabano, nukta yenye mkia. Papa alipita nyuma yangu mara moja. Akapita mara ya pili. Mara ya tatu akavuta kiti.

"Hapa umesahau mukia," akasema, akauweka kwa penseli.

Mimi nilikuwa na mikunjo kumi. Yeye alikuwa na iliyobaki, maana mtu hawezi kubadilisha mstari kwa mstari kwa muda ule wote bila mistari hiyo kuhamia ndani yake. Tulikuwa tunakaa mezani nikitoka shule. Nikisema, anasahihisha. Nikikwama, anaendelea. Mahali pengine tulibishana, na mara mbili mimi ndiye niliyekuwa sahihi, alikiri mwenyewe. Jumatano daftari la hesabu likajaa. Maman akatoa kaye mpya, daftari lisiloandikwa kitu, kwenye mkoba wake wa shule, akaiweka katikati yetu, akaenda kuchambua majani ya sombe.

Mtauliza kama kilitoka kitu. Kilitoka. Ilichukua miaka, na mashine ilikuwa nyingine, kuukuu, ya shule moja ya masista waliomwajiri Papa awatunzie matokeo ya wanafunzi. Alipiga humo kaye zetu zote, akahangaika na makosa, akashinda. Masista waliandikia barua kwa programu ile mpaka kompyuta mpya zilipokuja na programu zake. Wakikosea neno, walifuta neno. Baba yangu hakuponywa na mtu yeyote, kwa sababu hakuwa mgonjwa, na kama katekista anataka kuyasoma haya mbele ya watu, nitampa nakala.

Lakini Jumapili ile hatukuyajua hayo. Tulikuwa mezani baada ya misa, kaye imefunguliwa, Papa ana penseli mkononi, tuliposikia wimbo unapanda kwenye mteremko. Shangazi na wamama wanne. Hapakuwa na muda wa kufika chumbani, mlango wetu ulikuwa wazi. Nikaifunga kaye, nikaiweka kwenye kiti, nikaikalia.

Waliingia. Maman akawakaribisha viti. Shangazi hakuketi. Alitazama meza tupu, akatazama penseli, akanitazama mimi. Kaye ya shule ni pana kuliko mtoto wa miaka kumi. Pembe ilikuwa inaonekana.

"Simama," akaniambia.

"Sisimami, Tantine."

"Nimesema simama!"

"Sisimami."

Sikuwahi kumwambia mtu mzima hapana mara mbili mfululizo. Nilijua nikisimama, Papa anaondoka na watu hawa kabla chakula hakijaiva, na nilikuwa nimeamua kwamba watanibeba na kiti. Akamgeukia Papa.

"Mudogo yangu, ungali unaandika bile bitu?"

Papa aliiangalia penseli. Kisha akasimama, na ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa mrefu kuliko dada yake.

"Ndiyo, Yaya. Naandika. Na Kalehe siendi."

"Unanijibu miye hivyo? Miye nilikulimia?"

"Ulinilimia, Yaya. Nakushukuru. Siendi."

Shangazi akatoa rozari mfukoni. Wamama wakanizunguka, wakaniwekea mikono kichwani na mabegani, wakaanza kusali roho ya ukaidi initoke. Mafungu yote matano. Mikono yao ilikuwa mizito na ya moto, na mmoja alinikandamiza bega kana kwamba roho hiyo ingetokea chini. Sikunyanyuka. Nilisali nao. Niliitikia kila Salamu Maria kwa sauti kuliko wote, bila kuruka hata silabi, nimeikalia kaye ile kwa uzito wote Mungu alionipa, huku Papa amesimama nyuma ya kiti changu, mikono yake miwili imeshika egemeo.

Waliondoka bila kunywa chai. Wimbo ukashuka mteremko, ukapotea. Nikanyanyuka, miguu imekufa ganzi, nikaitoa kaye. Ilikuwa imejikunja na ina joto langu. Papa akaiweka mezani, akainyoosha kwa kiganja, akaichonga penseli taratibu, akavuta kiti chake karibu na changu.

"Tulifika wapi?" akaniuliza.